Koga za Ngezi na kiini cha muhogo

"Koga ni za milimani, Pemba utaokota nini?" Niliambiwa hivyo niliposema nataka kukusanya koga, ile mimea midogo laini inayotanda kwenye magome na magogo, na aliyeniambia ndiye aliyenishauri nizitie kwenye mifuko ya nailoni zisikauke. Nikamsikiliza. Siku tatu za masika ndani ya msitu wa Ngezi, hapa Pemba, pakiti 40 na kitu, na nilipozifungua nyumbani zote zilikuwa zimeota ukungu, zinanuka kama makumbi yaliyofukuliwa pwani. Nililia.

Koga haihitaji kukingwa na ukavu. Haina mizizi ya kunyonya maji, hunywa kwa majani yake, na ikikauka hulala tu. Safari ya pili nilikunja bahasha za gazeti, nikazitia koga humo na kuzianika kivulini. Ukitaka kuiamsha, tone moja la maji, na majani yaliyojikunja yanafunguka huku unayatazama.

Iliyonisumbua ni ile nyeupe ya kwenye minazi, ambayo wengi hudhani ni chokaa. Nilishuku ni koga iitwayo Octoblepharum albidum, lakini uhakika umo ndani ya jani, na jani lenyewe ni milimita chache. Nilinunua wembe, mia mbili tatu hivi, nikajaribu kukata juu ya kucha: likaruka. Nikalibana kwenye karoti: likapondeka. Jioni moja mama alikuwa anakata vijiti vya muhogo vya kupanda, nikaona kile kiini cheupe, laini kama sponji. Nikakichomoa, nikakipasua, nikalilaza jani katikati na kukata vipande vyembamba mno, vinavyopitisha mwanga. Chini ya hadubini ya kuazima, karibu na dirisha: seli tupu, angavu, tabaka juu ya tabaka, na katikati yao vijiseli vya kijani vya pembetatu. Weupe wote ule unatokana na seli tupu! Nikamwita mama. Akatazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, kumbe ni mmea."

Usambara, ukungu unapokaa juu ya milima, koga huning'inia matawini. Vilima vyetu havifiki hata mita 150, kwa hiyo usitazame juu, inama. Mimi nyingi nilizipata kwenye magogo yaliyooza na chini ya mashina, hasa ya mipapindi, ile mitende ya Pemba. Kwenye mikarafuu, upande usiopigwa na jua la alasiri. Chukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na uombe kibali kwanza.

Bahasha 31 zimo kabatini. Vuli ikianza narudi, nizifuate zile za kando ya kijito.