Yatokanayo: ajenda ya baraza la madiwani ambayo wananchi hatuifuatilii

Sisi wakazi wa Moshi hulikumbuka baraza la madiwani hasa katika siku mbili: siku madiwani wanapokula kiapo na kumchagua meya, na siku panapozuka mzozo ukumbini hadi habari ikafika redioni. Katikati ya siku hizo kuna vikao vya kawaida, vile vya kila robo mwaka, ambavyo havina mzozo wala shangwe, na ambavyo huhudhuriwa na madiwani wenyewe, wakuu wa idara, waandishi wachache wa habari na wananchi wa kuhesabika. Mimi hujitahidi kwenda katika vikao hivyo kila ninapopata nafasi, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mambo yanayomgusa mkazi wa Pasua, Njoro au Kiboriloni huamuliwa zaidi katika kikao cha kawaida kuliko katika siku zile mbili tunazozikumbuka.

Kwa asiyewahi kuingia ukumbini, muundo wake si mgumu kuuelewa. Manispaa yetu, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1988, ina kata 21, na kila kata ina diwani wake wa kuchaguliwa. Pamoja nao wamo madiwani wanawake wa viti maalumu na mbunge wa jimbo, ambaye kisheria naye ni mjumbe wa baraza. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe miongoni mwao, naye ndiye mwenyekiti wa kikao. Naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Mkurugenzi wa manispaa, ambaye ni mteule wa Rais, ndiye katibu wa baraza, na wakuu wa idara na vitengo, ambao ukumbini huitwa wataalamu, huketi tayari kujibu hoja. Madiwani huvaa majoho, dua husomwa, katibu huthibitisha kwamba akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, imetimia, kisha meya hufungua kikao. Hadi hapo ndipo wapiga picha wengi wanapokuwa wamekwisha kupata picha zao na kuondoka, ilhali kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Ajenda inayofuata ni kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Kwa mgeni jambo hili huonekana la kuchosha: meya hutaja ukurasa mmoja baada ya mwingine wa kabrasha, yaani kitabu cha nyaraka za kikao, madiwani wakafunua kurasa, na mara nyingi hakuna anayesema neno. Lakini muhtasari ukishathibitishwa na kutiwa saini, ndio unaokuwa kumbukumbu rasmi ya kile kilichoamuliwa, hata kama kila aliyekuwa ukumbini anakumbuka vingine. Katika kikao kimoja nilimwona diwani mmoja, mama wa makamo ambaye si msemaji sana, akisimama pale ukurasa ulipotajwa, akaomba aya moja irekebishwe. Aya hiyo ilisema kwamba baraza "lilipokea" taarifa ya ujenzi wa mtaro, naye akakumbusha kwamba baraza halikuishia kupokea, bali liliagiza taarifa hiyo irudishwe kwenye kamati ikiwa na gharama na tarehe ya kukamilika. Meya aliwauliza wajumbe, wajumbe wakakubali, katibu akaandika marekebisho pembeni mwa ukurasa kwa kalamu, na kikao kikaendelea. Haikuchukua hata dakika tano. Bila dakika hizo, agizo lile lisingekuwamo katika maandishi yoyote, na mtu yeyote ambaye angelidai utekelezaji wake baadaye angeambiwa, tena kwa haki, kwamba hakuna agizo la namna hiyo.

Baada ya muhtasari huja yatokanayo, yaani mambo yaliyotokana na maagizo ya kikao kilichopita. Hii ndiyo ajenda ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ningependa kila mwenye nafasi ya kufika ukumbini aisikilize kwa makini. Katika kabrasha huandaliwa kama jedwali: upande mmoja agizo la kikao kilichopita, upande wa pili hatua iliyofikiwa. Ukilisoma jedwali la kikao kimoja peke yake hutaelewa mengi, lakini ukilisoma pamoja na la robo iliyotangulia na ile ya kabla yake, utaona ni agizo lipi lililokwisha, lipi linalosogea na lipi linalobaki palepale huku maneno yakibadilishwa. Yapo majibu ya aina mbili. Kuna jibu lenye tarehe, kiasi cha fedha na cheo cha mhusika, ambalo robo ijayo linaweza kupimwa. Na kuna jibu lisemalo "utekelezaji unaendelea", ambalo haliwezi kupimwa na mtu yeyote, kwa kuwa ni la kweli leo na litakuwa la kweli mwakani. Diwani mzuri, kwa maoni yangu, hutambulika kwa namna anavyolipokea jibu hilo la pili. Akiuliza linaendelea wapi, limefikia hatua gani na litakamilika lini, na akataka majibu hayo yaingie kwenye muhtasari, amefanya kazi aliyotumwa na kata yake, hata kama hakutoa hotuba.

Ni haki kusema pia kwamba si kila linalochelewa limechelewa ndani ya ukumbi ule. Mamlaka za mitaa katika nchi yetu zimepitia mabadiliko mengi. Mwaka 1972 zilianza kufutwa chini ya mpango wa madaraka mikoani. Miji ikaanza kurudishiwa halmashauri mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 ndizo zilizojenga mfumo tulio nao sasa, huku Katiba katika ibara za 145 na 146 ikieleza kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hata hivyo, majukumu yamekuwa yakihama. Barabara za mitaa, ambazo zamani zilikuwa chini ya halmashauri, tangu mwaka 2017 zimo mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ni ya mamlaka ya majisafi. Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo kikubwa cha mapato ya miji, ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, na tangu mwaka 2021 tunailipa kupitia LUKU tunaponunua umeme. Kwa hiyo diwani wa kata ambayo barabara yake huchimbika kila masika, maji yanapoteremka kutoka mlimani, husimama barazani kuulizia barabara ambayo baraza lenyewe halina bajeti nayo. Kinachobaki ni kumwita meneja wa wakala aje atoe taarifa, na taarifa hiyo nayo huingia kwenye yatokanayo. Mwananchi anayeijua tofauti hii hatamlaumu diwani bure, lakini pia hatakubali jibu la "hilo si letu" likawa mwisho wa mazungumzo, kwa sababu baraza lina haki ya kuuliza barua ilipelekwa lini na ilijibiwaje.

Mara nyingi kikao huchukua siku mbili, na siku ya kwanza hutengwa kwa taarifa za kata. Kila diwani husoma taarifa ya kata yake: madarasa yaliyokamilika na yaliyosimama kwenye lenta, idadi ya madawati, hali ya zahanati, migogoro ya mipaka ya viwanja, ukusanyaji wa taka, mikutano ya mitaa iliyofanyika na ambayo haikufanyika. Ninakiri siku hii ni ndefu, na baadhi ya taarifa hufanana mno kiasi kwamba ungeweza kudhani zimenakiliwa. Lakini msikilizaji mvumilivu huona mambo ambayo hakuna mwandishi wa habari anayeyaandika. Kata mbili zilizopakana zinaweza kulalamikia mto mmoja bila kila moja kujua kwamba jirani yake analalamikia jambo lilelile, na hapo ndipo mtaalamu wa mazingira husimama na kusema kwamba shida si ya kata bali ni ya mkondo mzima. Moshi imejijengea sifa ya usafi nchini kwa miaka mingi, na nikisikiliza taarifa hizi naelewa kwamba sifa hiyo haitunzwi kwa mabango. Hutunzwa na mtendaji wa mtaa anayejua gari la taka halikupita siku gani, na diwani anayelitaja jambo hilo mbele ya wote.

Kuhusu mapato nitasema kwa ufupi, kwa kuwa taarifa ya fedha hupitia kwanza Kamati ya Fedha na Uongozi, inayokutana kila mwezi, na ikifika barazani mengi yamekwisha kujadiliwa. Ushuru wa masoko, ada za leseni, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya mfanyabiashara, ushuru wa stendi: yote husomwa kwa makisio na makusanyo halisi. Eneo moja tu ningeomba kila kikundi cha akina mama, vijana na watu wenye ulemavu walisikilize kwa masikio mawili, nalo ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria, tangu marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kuitenga kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa nchi nzima mwaka 2023 na baadaye ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Mama anayeuza mitumba Memorial au ndizi Mbuyuni anaweza kuambiwa na wakala wa mtaani kwamba fedha hazipo, na ukweli wa fedha zilizotengwa na zilizokopeshwa ukawa umesomwa hadharani, kwenye ukumbi ulio mwendo mfupi kutoka kwenye meza yake ya biashara, bila yeye kujua kwamba alikuwa na haki ya kuingia na kusikiliza.

Haki hiyo ipo. Mikutano ya baraza ni ya wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, isipokuwa pale baraza linapojigeuza kuwa kamati, mara nyingi kwa ajili ya kujadili nidhamu ya watumishi, ambapo wageni huombwa kutoka. Kilicho kweli pia ni kwamba mwananchi aliyeketi kwenye viti vya wageni haruhusiwi kuzungumza, na wapo waliokata tamaa kwa sababu hiyo, wakisema hakuna maana ya kwenda mahali usipoweza kufungua kinywa. Mimi nawajibu kwamba sauti ya mwananchi imewekewa njia yake, na njia hiyo huanzia chini: mkutano wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu, kisha kamati za kudumu za halmashauri, kisha baraza. Jambo lililoruka hatua hizi hufika ukumbini likiwa halina karatasi, na jambo lisilo na karatasi haliwezi kuingia kwenye jedwali la yatokanayo.

Sheria ndogo ni mfano unaonisikitisha zaidi. Kabla sheria ndogo ya ada na ushuru haijaanza kutumika, rasimu yake hutakiwa kutangazwa ili wananchi watoe maoni, kisha baraza huipitisha, hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana kwa idhini, na hatimaye huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Muda wa maoni hupita kimya, karatasi ikiwa imebandikwa kwenye mbao za matangazo ambazo hakuna anayesimama kuzisoma. Miezi kadhaa baadaye mgambo anapopita sokoni na mashine ya kukusanyia ushuru, wafanyabiashara huuliza kwa uchungu nani aliamua. Uchungu wao naujua, kwa kuwa meza ya biashara yenye mtaji mdogo huhisi kila shilingi mia tano inayoongezwa. Lakini swali hilo lilikuwa na siku yake, na siku hiyo lingejibiwa na watu wenye uwezo wa kubadilisha kiwango, tofauti na mgambo ambaye ametumwa tu kukusanya.

Kwa hiyo nimeanza kufanya jambo moja ambalo nawaomba wenye uwezo mlifanye katika mitaa yenu. Baada ya kila kikao cha kawaida ninaandika, kwa karatasi moja, maagizo ya baraza yanayoihusu kata yetu tu na majibu yaliyotolewa, kisha ninampelekea mwenyekiti wa mtaa ili ayasome kwenye mkutano wa mtaa kabla ya mengineyo. Mara ya kwanza aliyasoma kwa haraka na hakuna aliyeuliza kitu. Mara iliyofuata mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini kalvati la njia ya kwenda shuleni lilikuwa limeandikwa kuwa "liko kwenye mpango", akataka kujua ni mpango wa mwaka upi wa fedha. Mwenyekiti hakuwa na jibu, akaahidi kulipeleka swali hilo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji akaliandika. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti huanza kukusanywa kutoka mitaani miezi mingi kabla ya hapo. Swali la kalvati linatakiwa liwe limefika kwenye kamati wakati huo, likiwa na makadirio ya gharama na majina ya mitaa ya watoto wanaovuka pale. Makadirio tumemwomba fundi mmoja wa mtaani atusaidie kuyaandaa, naye amekubali kupima wiki hii.