Kanga ya pili

Juzi binti yangu kanitumia picha wasapu, yuko mazoezini wodi ya wazazi. Picha yenyewe ni mfuko wa plastiki una mistari na namba, unatandikwa chini ya mama akishajifungua, damu inaingia humo wewe unasoma tu, mililita 300, 500. Kaandika, "Mama ona, siku hizi hatukadirii kwa macho, enzi zenu walikuwa wanapimaje?" Nilikuwa jikoni na mawese yangu motoni. Nikashika pindo la kanga niliyojifunga na ile harufu ikaja, damu na mafuta ya taa.

Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi. Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakunga wa jadi huku Kigoma walikuwa wanafundishwa kupima kwa kanga: kanga mbili zikiloa, hesabu damu imefika nusu lita, na nusu lita ndiyo hatari. Kuna wakunga walipewa na vidonge vya misoprostoli, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ikate, vitano kwa mkupuo, vinapitishwa njia ya haja kubwa, na kuna upande ambao hawakupewa, wao kanga ya pili ikiloa ni kumkimbiza mama kituoni. Kwetu vidonge havikuwepo, kwetu ni kukimbiza. Mi nilikuwa kidato cha pili, niko likizo, na kwa sababu bibi hakujua kusoma basi mimi ndo nilikuwa mtaalamu wa kanga, nimeshika chemli nimejaa sifa.

Usiku mmoja kuna mama alikuwa anajifungua mtoto wake wa nne. Mtoto katoka anapiga kelele, kondo limetoka, halafu damu ikawa haikati. Bibi anakanda tumbo, anakanda, jasho linamtoka. Kanga ya kwanza haikuchukua muda, ikaenda kwenye beseni. Tukaweka ya pili.

Hiyo ya pili naiona mpaka leo. Ilikuwa ya njano, imechakaa, jina lake WEMA HAUOZI, na maandishi yalikuwa juu kabisa, upande wangu. Damu ikawa inatambaa kwenye uzi taratibu, inafika kwenye herufi inasimama kidogo kama inasoma, halafu inaimeza. W ikaenda. E ikaenda. Mi namulika tu, nimeinama, nahesabu herufi. Bibi akaniuliza, "Imejaa?" Nikamwambia bado bibi. Akamwangalia yule mama usoni, akamfunua mdomo wa chini kwa kidole, akasema, "Huyu midomo imekuwa kama majivu, mimi naona tumtoe." Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Bibi wamesema mbili, hii haijajaa, bado OZI." Yule mama akaomba maji. Bibi amezalisha watu tangu mama yangu hajazaliwa, lakini alinyamaza, akarudi kukanda tumbo, kwa sababu mjukuu wake amesoma.

O ikaenda. Z ikachukua muda mrefu sana, au labda ni mimi. I ilipozama nikasema sasa.

Mengine yalikuwa mbio. Ilikuwa giza la mwezi kwa hiyo mitumbwi yote iko ziwani inavua dagaa, tukabaki ufukweni tunapunga chemli kama wehu huku taa za wavuvi zinawaka kule mbali hawatuoni, mpaka mmoja akatuona. Tukafika kituoni kunakucha, dripu, damu ya kaka yake, akapona. Mpaka leo anauza dagaa Kibirizi na akiniona ananiita daktari, mimi mwalimu wa hesabu.

Sasa uzuri au ubaya wa hesabu ni kwamba huwezi kuacha kuuliza. Kumbe ule mpango wa kanga na vidonge ulikuwa utafiti, matokeo yake yalichapishwa 2005, nikaja kuyasoma baadaye sana: upande wa vidonge wanawake 111 walivuka nusu lita, kati yao waliopewa rufaa hawakufika 2 katika kila 100, upande usio na vidonge walikuwa 73, na rufaa zikawa 19 katika kila 100. Ni tofauti kubwa, sikatai. Ila kutopelekwa kituoni si lazima iwe ndo kupona, na yule wa kwetu angekuwa rufaa moja tu kwenye jedwali, aliyetolewa mapema na aliyesubiri herufi tatu wanahesabika sawasawa.

Huo mfuko wa binti yangu nao una ushahidi wake, wa 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 210,000. Mfuko ukitumika pamoja na matibabu yote kutolewa kwa mpigo, bila kungoja moja lishindwe, kutokwa damu nyingi mno kulipungua kwa asilimia 60. Kilichonikaa ni kwamba pale hawangoji 500. Ikifika 300 na mama ana dalili nyingine mbaya, wanaanza. Sijui midomo kama majivu bibi angeiandika kwenye safu gani.

Nikamsimulia yote kwa voisi. Akajibu kama mwanafunzi wangu, "Kwa hiyo mlipofika OZI ilikuwa mililita ngapi?"

Jana nikatoa kanga kuukuu, maana mpya ina wanga hainywi vizuri, nikapima maji 300 kwenye jagi, nikaitandika sakafuni nimwage nione yanafika herufi gani. Nikakwama hapohapo. Sikumbuki ile ya bibi tuliikunja mara mbili au mara nne.

Jagi bado liko mezani.