Gari ya turbo imekufa nguvu ghafla? Usikimbilie kununua turbo

Hii naiandika kwa sababu mwezi huu peke yake nshaulizwa na watu wanne, wote wana gari za Japan za mkono wa pili zenye turbo kama yangu, na wote wameambiwa neno lile lile nililoambiwa mie: turbo imekufa, tafuta nyingine. Basi nawahadithia ilivokuwa.

Gari yangu ni ya petroli, injini ya 2000 cc, ya mwaka 2004. Niliinunua Unguja nikaipakia meli hadi Mkoani, Pemba, na miezi saba nzima nikaenda nayo raha mustarehe. Siku hiyo nilikwenda bandarini kumpokea mama, anarudi kwenye matibabu, tukapakia mizigo tukaanza kupanda kile kilima cha kutokea bandarini, nikakanyaga mafuta kidogo tu nikasikia pffuu, kama mtu kaachia upepo wa tairi, na gari ikalegea papo hapo. Haikuzima, haikutetemeka, taa ya injini haikuwaka. Ila haivuti. Ukikanyaga inanguruma na kutoa moshi mweusi nyuma lakini haendi. Mama akanambia "mwanangu, hii gari imechoka, simama ipumzike". Tulifika Chake kwa kujikokota kilomita kama 30, msimu wa karafuu huo, majamvi yameanikwa pembezoni mwa njia na watu wanageuza karafuu zao, na kila kilima gari za abiria zilizojaa watu hadi mlangoni zinatupita. Roho iliniuma, kwa sababu mama alikuwa hajapoa vizuri na mie nilimuahidi safari ya kukaa vizuri.

Kwanza mufahamu kwa nini gari ya turbo ikikosa turbo inakuwa dhaifu namna ile. Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe, na hapa kwetu usawa wa bahari hewa ina mgandamizo wa kama baa 1. Turbo inatumia moshi unaotoka kuzungusha feni moja, na feni ya pili kwenye shafti hiyo hiyo inasukuma hewa ndani, yangu inaongeza kama baa 0.8, ndo maana injini ndogo inavuta kama kubwa. Sasa kwa vile hewa inaingia ishashindiliwa, waliotengeneza hupunguza mgandamizo wa ndani ya silinda, injini nyingi za turbo za miaka ile ni 8 au 9 kwa 1, wakati zisizo na turbo ni 10 kwa 1 na kuendelea. Kwa hivo upepo ukipotea hubaki hata na injini ya 2000 ya kawaida, unabaki na kitu dhaifu kuliko hiyo.

Mafundi sasa. Wa kwanza alisikiliza dakika mbili akasema turbo, laki tisa na ngoja iagizwe Dar. Wa pili akasema plagi na filta ya mafuta, nikabadilisha vyote, hali ile ile. Wa tatu pampu ya mafuta. Hakuna hata mmoja aliyelegeza mpira mmoja wa kupitishia hewa akaangalia ndani, na hili ndo lililonikera, maana mtu anakutajia spea ya laki kadhaa kabla hajashika bisibisi.

Nikakaa nikafikiri mwenyewe. Gari ikiwa sailensi, yaani injini inazunguka bila ya kukanyaga mafuta, imetulia kabisa. Ukienda polepole chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika huioni ila yoyote. Tatizo linaanza pale pale turbo inapotakiwa kuanza kusukuma. Halafu ule moshi mweusi. Moshi mweusi kwenye petroli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, sasa pampu ikiwa mbovu mafuta yangekuwa machache, moshi mweusi ungetoka wapi? Gari yangu ina sensa ya hewa baada tu ya filta, inapima hewa iliyoingia na kompyuta inamwaga mafuta kwa hesabu hiyo. Kama hewa ishapimwa halafu njiani ikavuja, injini inapata mafuta ya hewa ambayo haikuifikia. Hapo ndo nikaanza kuamini kuwa ule mlio wa pffuu ulikuwa ni mpira wa hewa umepasuka.

Turbo nayo nikaipima, na kila mwenye gari hizi anaweza. Injini ikiwa imezima na imepoa, fungua mpira unaoingia kwenye turbo, tia vidole, shika ncha ya shafti. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida kwa sababu shafti inaelea juu ya oili. Ikicheza ndani na nje ukaisikia, au mabapa ya feni yanagusa ukuta, hapo ndo kuna maneno. Na turbo inayokufa mara nyingi inakuaga: inalia kama king'ora, inatoa moshi wa buluu, inakula oili. Yangu ilizunguka laini kwa kidole na haina alama yoyote.

Nikaenda Wawi kwa mzee mmoja, kazi yake ni injini za boti na malori, nikampa shikamoo nikamueleza kila kitu, hakunikatiza hata mara moja. Akanambia, "Ami yako hana kompyuta, lakini tairi ya baskeli ikitoboka unaitafutaje?" Nikamwambia naitia maji. Akasema basi na hii tunaitia maji. Akachukua kipande cha paipu ya plastiki chenye kifuniko, kifuniko kishatobolewa na kutiwa valvu ya tairi, akakifunga mbele ya turbo kwa klipu, akaunga pampu ya upepo akapandisha taratibu mpaka psi 10. (Usiende kupita psi 15, utafumua sili.) Mie nikashika brashi na maji ya sabuni, napaka kila kiungo, kuanzia turbo, intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), mpaka kwenye kilango cha hewa cha injini. Juu kote salama. Mzee akanambia paka chini, pasipoonekana. Nikaingiza mkono chini ya mpira unaotoka kwenye intakula na mapovu yakafura kama ya mtoto anapopuliza sabuni. Umepasuka urefu wa kidole, kwa chini, na kwa macho hata kwa tochi huoni kitu kwa sababu upepo ukiondoka unajifunga wenyewe. Ndo maana sailensi ilitulia: injini ikiwa sailensi inavuta, mpasuko unabanwa, ukikanyaga upepo unasukuma, mpasuko unafunguka.

Siku ile tulizungushia mpira wa ndani wa baskeli na klipu mbili, nikaendeshea taratibu siku tisa mpaka mpira mpya ulipokuja na boti kutoka Dar, wa silikoni, elfu themanini. Kutoka laki tisa.

Si kila gari itakuwa mpira huo huo lakini. Wapo waliokuta panya ametafuna kile kimpira kidogo kinachokwenda kwenye valvu ya kuongozea turbo, wapo ambao kataliti ya ekzosi (kile kisafisha moshi) imeziba na gari haipumui. Na jengine la kuliangalia: nyingi za gari hizi ziliwekwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japan, oktani karibu 100, ukitia ya chini na injini ikaanza kugonga, kompyuta inarudisha moto nyuma, yaani inachelewesha cheche za plagi, na nguvu zinapungua, hapo hakuna kilichovunjika. Na mashine ya kupima isipoleta kodi (namba ya hitilafu) msiseme gari ni nzima, yangu haikuleta hata moja. Mpime hewa kwanza, sabuni haina gharama.

Mzee wa Wawi alinionyesha ndani ya ule mpira wa zamani, umelainika kwa oili. Inatoka kwenye valvu ya kupumulia injini, imeziba, mvuke wa oili unarudi kwenye njia ya hewa na kuula mpira pole pole. Valvu yenyewe nimeagiza, inshaallah Alhamisi inafika Mkoani, na nikenda kuichukua mama kasema tunakwenda pamoja, anataka kuiona inavopanda.