Mchanga kwenye tyubu za bodaboda

Kuanzia Juni mpaka Oktoba, kupima viwanja hapa Singida ni kazi ya asubuhi. Ikifika saa tano upepo umeshashika kasi, vumbi linakimbizana na mabua ya alizeti iliyovunwa, na kipovu cha pimamaji kwenye mashine ya kupimia pembe hakitulii tena. Wenzangu wengi hapo hufunga kazi wakanywa chai. Mimi siku hizi naendelea, na ninaowashukuru ni mafundi wa bodaboda.

Hata baadhi ya watu wa fani hulidharau tatizo hili la upepo kuitikisa mashine. Mashine inasoma pembe kwa sekunde, yaani vipande vidogo sana vya digrii, si vya saa. Sekunde moja, kwa umbali wa mita 200, ni kama milimita moja tu, na hakuna mwenye kiwanja atakayekwenda baraza la ardhi kwa milimita moja. Lakini kichwa cha tripodi, ile miguu mitatu inayobeba mashine, kikijisokota sekunde 20, bikoni (alama ya mpaka) iliyo mita 200 imeshahama sentimita mbili, na kosa hilo linabebwa hadi kituo kinachofuata. Ndani ya mashine kuna kifaa kinachosahihisha mwinamo mdogo, ila kujisokota hakukihusu, na mtetemo kinashindwa kuufuata. Upepo nao una hesabu yake mbaya: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana saa tatu unapima kwa raha, saa sita unanuna.

Dawa tuliyorithi ni kuning'iniza kitu kizito kwenye ndoano iliyo chini ya kichwa cha tripodi. Kila mpima ana chake: kidumu cha maji, jiwe la kamba, begi la mgongoni. Mimi sikubaliani na dawa hiyo na nimeshabishana juu yake na watu walionizidi umri. Kitu kikining'inia, upepo unakipiga, kinabembea, na kila kikirudi kinaivuta tripodi. Hapo umejiongezea mtikisiko ambao hukuwa nao. Tena kinakaa palepale leza inapotakiwa kushukia juu ya bikoni, kwa hiyo kila ukitaka kuhakikisha kwamba bado uko katikati, lazima ukisogeze. Ukikishusha kikae chini hakibembei, sawa, ila kamba ikilegea uzito wote unabebwa na ardhi na tripodi haipati kitu.

Uzito unatakiwa kukaa kwenye miguu yenyewe, chini kabisa, pale kwenye kikanyagio.

Tyubu ya pikipiki iliyokwisha kwa viraka fundi hukupa bure, au kwa bei ya soda. Unaikata vipande vitatu, kila kimoja kirefu kidogo kuliko mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Mwisho mmoja unaukunja mara mbili na kuukaza kwa waya wa kufungia nondo. Mchanga mkavu unaumimina kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, huku ukigongagonga tyubu ili ushuke, kisha unafunga mwisho wa pili na kuacha nafasi ya ngumi hivi. Usiione nafasi hiyo kuwa ya bure. Tyubu ikijaa ikakakamaa, inaviringika na kuanguka. Ikiwa na ulegevu inalala juu ya mguu na kuukumbatia pande zote mbili. Mchanga mkavu una kilo 1.6 hivi kwa lita, hivyo kila kipande kinafika kilo tatu na ushei, na tyubu moja imetosha tripodi moja. Maji ni kilo moja tu kwa lita, tena yanachezacheza ndani ya dumu.

Bado mguu unaukanyaga mpaka uzame. Na uzito unawekwa kwanza, ndipo usawazishe. Ukiuweka baadaye kwenye shamba lililolimwa, udongo unabonyea na kipovu kinaondoka mbele ya macho yako. (Tripodi yenyewe iwe ya mbao kama unaweza kuchagua. Ya alumini ni nyepesi begani, lakini inatetemeka zaidi na jua likipiga mguu mmoja unarefuka.)

Tulipokuwa Iramba, mzee mwenye shamba alisimama muda mrefu akiviangalia vile vifurushi vyeusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Humo mmeweka nini?"

"Mchanga, mzee."

"Mchanga wangu?"

"Hapana mzee, tumetoka nao mjini."

Hakuamini, na simlaumu. Sekenke iko Iramba hiyohiyo, dhahabu yake imechimbwa tangu enzi za Mjerumani, na mgeni mwenye mashine na mifuko ya mchanga ni wa kuulizwa. Msaidizi wangu akafungua kipande kimoja. Mzee akajimiminia kiganjani, akapuliza, akageuzageuza punje kwenye jua, akaurudisha wote.

"Haya, fungeni. Mkiondoka nitahesabu."

Akahesabu kweli. Tangu hapo tukienda vijijini tunabeba tyubu tupu, gari nalo linapata nafuu. Tunaomba mchanga kwa mwenye shamba, tunajaza akiwa anaona, na kazi ikiisha tunaumwaga palepale mbele yake.