Kaburi la majina mawili

Aprili 2011 nilikuwa San Francisco, kazi yangu kumwangalia bibi mmoja wa Kichina. Siku ya Qingming, wanapofagia makaburi ya wazee wao, binti yake alitupeleka kwa gari hadi Colma, kimji cha jirani ambacho wafu wake ni wengi kuliko walio hai. Kwetu Tanga tungesoma Yasini. Wao walipanga kuku mzima wa kuchemsha, machungwa na vikombe vitatu vya pombe, wakachoma udi.

Mimi nilikuwa nasugua jiwe kwa brashi. Herufi za Kizungu zilisema Wong. Chini yake Kichina, kimeshuka wima. Binti, mama mtu mzima aliyekaribia sitini, hasomi Kichina. Akauliza, kutafuta mazungumzo tu, Wong ni ipi hapo.

"Haipo," bibi akajibu. "Hiyo ni Chan. Baba yako ni Chan."

Sheria ya Marekani ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina. Moto wa tetemeko la 1906 ukateketeza kumbukumbu za vizazi za San Francisco, na wengi wakadai wamezaliwa pale, hivyo ni raia, na wana watoto wa kiume China wenye haki ya kuingia. Nafasi za watoto hao, wengine wasiokuwepo kabisa, ziliuzwa. Mnunuzi alikariri ukoo wa watu, kwani kwenye kituo cha uhamiaji cha Angel Island maofisa walihoji hata mambo ya jikoni. Ukikosea, unarudishwa. Marehemu aliingia hivyo, akiwa kijana mdogo, miaka ya 1930.

Binti alinyamaza. Halafu, kama anayesoma shairi la shule: "Mlango unatazama mashariki. Vidato vitano. Pipa la mchele kushoto."

Bibi akatikisa kichwa kukubali.

"Kila usiku, Ma, ukinichana. Nikikosea unanivuta nywele. Nikajua ni nyumba ya babu."

"Maofisa walikuwa wanapita wakitafuta karatasi za uongo. Ulikuwa mtoto, ungeropoka." Alisema hivyo bila kuomba radhi, na nadhani hakuona la kuombea.

"Nyumba ya nani, basi?"

"Ya waliotuuzia jina."

"Na yetu? Ina vidato vingapi?"

Bibi aliyageuzageuza machungwa yaliyokuwa yamekaa sawa. "Sikumuuliza baba yako. Niliogopa angezichanganya."

Binti akanipokonya brashi, akaanza kusugua jiwe ambalo nilikuwa nimeshalimaliza.