Makala ya mwanasayansi mwanamke hufutwaje, na namna ya kuiandika ibaki

Donna Strickland alipotangazwa mshindi wa Nobeli ya Fizikia tarehe 2 Oktoba 2018, Wikipedia ya Kiingereza haikuwa na makala yake. Gérard Mourou, aliyefanya naye kazi ile ile ya leza iliyowapa tuzo, alikuwa na makala tangu 2005. Na si kwamba Strickland alisahaulika. Makala ya 2014 ilifutwa kwa kuwa ilinakili maandishi yenye hakimiliki, kisha rasimu nyingine ikakataliwa Mei 2018 kwa madai kwamba vyanzo vyake havikuonyesha kuwa anastahili makala. Wakati huo alikwisha kuwa rais wa Optical Society, chama cha wanasayansi wa mwanga, mwaka 2013. Sifa alikuwa nazo tele.

Clarice Phelps, mkemia Mmarekani mweusi wa maabara ya Oak Ridge, alikuwa katika timu iliyosafisha miligramu 22 za berkeli-249, elementi nzito ya mnururisho, zilizotumika kugundua elementi ya 117. Makala yake ilifutwa Februari 2019, ikarudishwa mwaka uliofuata. Waliotaka ifutwe walisema vyanzo huru vinavyomtaja yeye binafsi ni haba. Ni kweli magazeti humtaja mkuu wa mradi, na aliyesafisha sampuli hatajwi. Pengo huanzia hapo, kabla mhariri yeyote hajaandika neno.

Halafu wahariri huliongeza. Utafiti wa mwanasosholojia Francesca Tripodi wa 2021 ulionyesha kuwa wasifu wa wanawake ulikuwa chini ya 20% ya wasifu wote katika Wikipedia ya Kiingereza, lakini mara nyingi ulizidi 25% ya ule uliopendekezwa kufutwa. Utafiti uliofuata, wa 2023, aliufanya na wenzake kuhusu wanataaluma: kwa wanaume weupe, kutajwa sana mtandaoni kulisaidia kutabiri kama makala itabaki; kwa wanawake na watu wasio weupe kipimo hicho hakikutumika kwa namna inayoeleweka. Huo ni ubaguzi, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Sasa kazi yenyewe. Wikipedia ya Kiingereza ina vigezo vinane vya wanataaluma, na kimoja tu kinatosha: kwa mfano tuzo kubwa, uanachama wa akademia inayochagua kwa ukali, uhariri mkuu wa jarida linaloheshimika, au kuongoza chuo kikuu. Chagua kigezo kwanza, kisha kiweke katika sentensi ya kwanza pamoja na tanbihi yake. “Olive Mugenda ni mwanataaluma wa Kenya aliyeongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta akiwa Makamu Mkuu wa Chuo, 2006 hadi 2016.” Inatosha. Ukianza na “mama mchapakazi na mfano wa kuigwa”, mhakiki ataona tangazo. Eleza pia kwamba kwetu makamu mkuu ndiye mtendaji mkuu wa chuo, maana msomaji wa Marekani atadhani ni msaidizi tu. Mume na watoto wasubiri sehemu ya maisha binafsi.

Ukurasa wa chuo anakofundisha unafaa kuthibitisha cheo na tarehe, lakini si chanzo huru. Tafuta mapitio ya vitabu vyake, magazeti, na taarifa za taasisi zilizomtunuku. Mtafute kwa majina yote: wanawake wengi wamechapisha kwa jina la baba na baadaye la mume, kwa hiyo sehemu ya kazi zao haionekani ukitumia jina moja. Tengeneza elekezo (ukurasa unaompeleka msomaji kwenye makala yenyewe) kwa kila jina, na uyaweke yote Wikidata, hifadhidata dada ya Wikipedia, pamoja na namba ya ORCID inayomtambulisha mtafiti.

Usitegemee hesabu za kunukuliwa peke yake. Majarida mengi ya Afrika Mashariki hayamo katika hifadhidata kubwa, kwa hiyo mtaalamu wa isimu anayeandika kwa Kiswahili ataonekana hana lolote ilhali kila mwanafunzi wa fani hiyo anamsoma. Mapitio ya vitabu na mitaala inayotumia kazi zake humtetea vizuri zaidi.

Picha ya tovuti ya chuo usiipakie. Hakimiliki kwa kawaida ni ya mpiga picha au mwajiri wake, si ya aliyepigwa. Omba iachiliwe kwa leseni huru kwanza.

Katika Wikipedia ya Kiingereza, akaunti mpya inahitaji siku 4 na mahariri 10 kabla ya kuanzisha makala moja kwa moja. Ikipendekezwa kufutwa, mjadala kwa kawaida huchukua siku 7. Jibu kwa kigezo na chanzo, si kwa kusema wanawake ni wachache. Usiwaite marafiki waje kupiga kura, kwani maoni yao hupuuzwa na wewe unatiliwa shaka. Ongeza vyanzo ndani ya makala yenyewe wakati mjadala unaendelea, kisha uwaambie washiriki umeongeza nini. Ikifutwa, mwombe mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) akurudishie maandishi kama rasimu, na uiguse kabla ya miezi 6 kwisha, la sivyo rasimu nayo inaweza kufutwa.