Pua ya Mzee na Habari za Ubongo

Macho ya mzee yakififia, jamaa hutafuta miwani, na masikio yakiwa mazito, wanaomzunguka huinua sauti; hisi ya kunusa huondoka bila yeyote kushtuka, mwenyewe akiwamo. Katika mji wa Beaver Dam, Marekani, watafiti waliwapima takriban watu 2,500 wenye umri wa miaka 53 hadi 97, na mwaka 2002 wakaeleza kuwa robo yao walikuwa na upungufu wa kunusa, ingawa waliosema wenyewe kuwa wana tatizo hilo hawakufika mmoja kati ya kumi ya wote waliopimwa.

Linda Buck na Richard Axel waligundua mwaka 1991 jamii kubwa ya jeni zinazounda vipokezi vya harufu, na binadamu ana takriban 400 zinazofanya kazi. Hata hivyo, kinachonishughulisha zaidi ni jeni nyingine, APOE, iliyo katika kromosomu ya 19, ambayo aina yake iitwayo e4 huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu polepole. Kwa wazee wenye e4, uwezo wa kuitambua harufu na kuitaja jina hushuka upesi kuliko uwezo wa kuhisi tu kwamba kuna harufu. Tofauti hiyo ni ya maana sana, kwa sababu kuhisi huanzia puani, ilhali kutaja jina hudai kumbukumbu, na njia ya harufu hupita katika gamba la entorina, sehemu ya ubongo iliyo jirani ya hipokampasi, kitovu cha kumbukumbu; gamba hilo ni miongoni mwa yale ambayo Alzheimer huyaharibu mwanzo kabisa.

Simaanishi kwamba kila mzee asiyenusa ana ugonjwa huo, kwani mafua sugu, UVIKO-19, sigara na jeraha la kichwa huleta hali hiyohiyo, na wapo wenye e4 wanaozeeka na akili zao timamu. Ninachodai ni kwamba kliniki za wazee zipime pua kama zinavyopima shinikizo la damu, hasa kwa kuwa asiyenusa hatambui gesi inayovuja wala chakula kilichochacha. Kipimo nacho kitokane na harufu ambazo mzee amezizoea: kile cha mtafiti Richard Doty cha mwaka 1984, chenye harufu 40, kiliandaliwa kwa Wamarekani, na mzee wa Pemba anayeshindwa kutaja harufu ya kinywaji cha Kimarekani hajaonyesha upungufu wowote, apimwe kwa karafuu, iliki, kitunguu na mafuta ya taa.